Masihi Amekuja, Mbona Hesabu ya Bosi Iko Palepale?

Haya wapenzi wasomaji, ukurasa wenu wa maswali umerudi. Mwezi huu nilisema tuandikiane kuhusu Yesu kuwa Masihi, nikategemea maswali ya watoto wa kipaimara, kumbe mmeniletea trafiki, risiti, selimundu, mashamba na ndoa. Sawa tu, ndivyo nilivyotaka. Barua ndefu nimezipunguza, majina nimeyaficha maana najua kuna ambao bosi au mume anasoma gazeti hilihili. Mimi ni mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mnajua naegemea wapi, kwa hiyo Mkatoliki au Mpentekoste akiona nimempitia kushoto aandike, nafasi ipo.

Mchungaji shikamoo. Mi ni bodaboda hapa Moro, pikipiki ya mkataba, kila siku hesabu 10,000 iwe mvua iwe jua. Mwaka huu nimeibiwa helmeti mbili, daladala imenigonga, abiria kanikimbia bila kulipa. Jamaa wa kijiweni akanipeleka kwa mtumishi mmoja nikanunua mafuta ya upako 30,000 na stika ya kubandika kwenye tenki. Nikaambiwa Masihi maana yake Mpakwa Mafuta, sasa ukipaka haya unaunganishwa na upako wake na mikosi inakwisha. Wiki hiyohiyo trafiki kanikamata. Imani yangu ndogo au nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Imani yako haina shida, ila hesabu ya siku tatu imekwenda na maji.

Hilo la Mpakwa Mafuta ni kweli, mtumishi hakudanganya hapo. Israeli ya zamani walipaka mafuta wafalme na makuhani. Lakini hebu soma yule aliyepakwa kuliko wote, Daudi, 1 Samweli 16. Samweli kafika Bethlehemu kwa mzee Yese, watoto saba wamepitishwa mbele yake hakuna hata mmoja, wa mwisho yuko machungani, akaitwa, pembe ya mafuta ikamiminwa kichwani mbele ya kaka zake. Sasa shuka mistari michache tu. Mfalme Sauli anatafuta mpiga kinubi, anatuma ujumbe kwa Yese: nipelekee Daudi mwanao, aliye pamoja na kondoo. Umeona? Kijana kashapakwa mafuta ya ufalme na bado yuko na kondoo wale wale! Na baada ya hapo ndio kwanza mikosi ilianza, Sauli akamrushia mkuki, akakimbilia pangoni Adulamu, akazunguka nyikani na watu wenye madeni. Yesu mwenyewe alipotoka mtoni Yordani na Roho juu yake, kituo kilichofuata kilikuwa jangwani siku arobaini bila chakula.

Kwa hiyo anayekuuzia upako kama kinga ya trafiki anakuuzia kitu ambacho Daudi hakukipata na Yesu hakukipata. Mafuta yenyewe siyatukani, Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee wakimpaka mafuta, ila pale hakuna bei. Anayetaja bei ni Simoni kule Samaria, Matendo 8, aliyemletea Petro hela ili anunue uwezo wa Roho, na Petro akamjibu fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Petro hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

Halafu hujaniambia trafiki kakukamata kwa nini. Leseni unayo? Bima haijaisha? Kabla ya stika ya upako, bima ndiyo ya kuanza kukata.

Asalaam aleikum mchungaji. Mimi ni Mwislamu, naishi Tanga, nyumba ya kupanga, jirani yangu mlango wa pili ni mama Mkristo, tunapika uani pamoja na watoto wetu wanakula sinia moja. Juzi tumebishana mpaka ubwabwa ukaungua. Mimi namwambia hata sisi tunamwita Isa Masihi, yeye anasema haiwezekani, hilo ni la Wakristo peke yao. Nani kashinda?

Waaleikum salaam dada yangu. Kwa hilo umeshinda wewe. Kurani inamwita Isa mwana wa Mariamu al-Masih, mara 11, kwa hiyo jirani yako akubali tu yaishe. Na Waislamu wengi wanasubiri arudi, sisi nasi tunasubiri arudi, hapo pia tuko pamoja kwa sehemu.

Ila sitakudanganya kwamba tunasema kitu kimoja. Surat An-Nisaa inasema hawakumwua wala hawakumsulubisha. Kwa Mkristo msalaba ndio moyo wenyewe wa habari, ukiuondoa hatubaki na Masihi tunayemjua. Sisi tunasema Mpakwa Mafuta wa Mungu alivuliwa nguo, akapigwa, akafa kifo cha mhalifu nje ya mji, siku ya tatu Mungu akamfufua, na kwamba ndani yake Mungu mwenyewe alikuja. Hilo wewe hulikubali na una haki yako. Kwenye maisha ya kila siku linaleta tofauti moja ambayo jirani yako anapaswa kuionyesha bila hata kufungua mdomo: mtu anayemwabudu Masihi aliyesulubiwa hawezi kumwona maskini, mfungwa au mgonjwa akasema huyu kalaaniwa. Akisema hivyo, mkumbushe, una ruhusa yangu.

Sinia msiligawe.

Bwana asifiwe mchungaji. Nauza vitenge na mashuka kwenye duka la mtu Kariakoo, mwaka wa tatu sasa. Mteja akifika tumefundishwa kumuuliza na risiti au bila risiti, bila risiti bei inashuka, na aking'ang'ania risiti mzigo wa laki nane tunamkatia ya laki mbili. Ajabu bosi ni mzee wa kanisa na juu ya kaunta kaandikisha YESU NDIYE MASIHI kwa herufi kubwa. Nikimuuliza ananambia ya Kaisari na ya Mungu ni vitu viwili tofauti. Nimeokoka mwaka jana, roho inanisuta, ila nina kodi ya chumba na mdogo wangu namsomesha. Nifanyeje?

Amina mwanangu, asifiwe. Bosi wako ana kipaji. Yesu kasema mpeni Kaisari yaliyo ya Kaisari, yaani lipeni, yeye kauchukua mstari wa kulipa kodi akautumia kukwepea kodi.

Ngoja nikuonyeshe kitu kwenye Luka 3 ambacho kila Majilio tunakisoma na kila Majilio tunakipita. Mstari wa 15 unasema watu walikuwa wanangoja, wanawaza mioyoni kama labda Yohana Mbatizaji ndiye Kristo. Yaani joto la kumsubiri Masihi limepanda kabisa, kila mtu shingo juu. Na mistari ya juu yake tu watu haohao wanamuuliza Yohana, tufanye nini basi? Mtu angetegemea awaambie fungeni, pandeni mlimani, kesheni. Yeye akasema mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru akawaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Askari akawaambia msidhulumu mtu, msishitaki kwa uongo, mtoshewe na mishahara yenu. Nguo, ushuru, mshahara. Hayo ndiyo maandalizi ya kumpokea Masihi, hakuna jingine lililotajwa hapo, na wala hakuwaambia watoza ushuru waache kazi, aliwaambia waifanye bila wizi.

Zakayo naye, kila mtu anakumbuka mkuyu aliopanda, wachache wanakumbuka hesabu aliyopiga mezani: nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Yesu hakusema leo wokovu umefika nyumbani humu wakati jamaa yuko juu ya mti. Alisema baada ya hizo hesabu kutajwa.

Na mambo haya hayakuishia Yeriko. Waulize wazee wa Kagera, Uganda na Rwanda kuhusu watu wa uamsho wa kiroho, wale wa wimbo wa Tukutendereza, moto ulioshika pale Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki nzima. Walikuwa na tabia moja iliyowachosha watu kweli kweli: mtu akiokoka, asubuhi anabeba alichoiba anakirudisha. Vitu vya mwajiri, hela, mifugo, deni alilokuwa amelikana miaka. Anasimama mbele ya mzungu wa misheni au mbele ya jirani yake anasema hiki ni chako nilikuibia. Wachungaji wengine walikereka, wengine waliona hawa watu wamezidisha, na kusema kweli kuna waliozidisha, kukawa na kupimana nani kaungama zaidi ya nani. Lakini vitu vilirudi.

Kwenye uamsho huohuo ndiko alikookoka Janani Luwum, mwaka 1948, akaja kuwa Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na manyanyaso, na tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Mimi naamini mtu haamki asubuhi moja akajikuta ana ubavu wa kumwandikia Amin. Anakuwa ameshazoea miaka mingi kwamba yuko mfalme mwingine juu ya mfuko wake, juu ya mikono yake na juu ya ulimi wake, sasa siku Amin anapokuja anakuta kiti kina mtu. Kusema Yesu ndiye Masihi ni kusema hivyo tu, kwamba mfalme ameshapatikana na si mimi wala si bosi.

Sasa wewe na chumba chako. Sikwambii kesho ukaanzishe vita dukani, una mtu unamsomesha na Mungu anamwona. Anza na kilicho mkononi mwako mwenyewe. Risiti ya laki mbili kwa mzigo wa laki nane ni uongo unaouandika wewe kwa vidole vyako, huo uache kwanza. Mwambie bosi jioni mkishafunga, siyo mbele ya wateja, kwa adabu, shikamoo yake mpe kama kawaida: mzee, mimi risiti pungufu sitakata tena, nitauza, nitafagia, nitabeba mizigo, ila hiyo sitakata. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kunyamaza, maana nakwambia wengi wa aina yake wanasutwa na wao, wanangoja mtu wa kuanza. Wakati huohuo anza kutafuta kazi kwingine kimyakimya na weka akiba hata ya mwezi mmoja. Na mweleze mchungaji wako mapema, ukifukuzwa asiishie kukuombea, akusaidie kutafuta pa kushika, kanisa lina wafanyabiashara kibao.

Na wewe bosi, najua unasoma: mashine ya risiti iwashwe au maandishi ya juu ya kaunta yafutwe, chagua moja.

Mimi niko darasa la sita, Iringa. Kwa nini Yesu alipoingia Yerusalemu alipanda punda na siyo farasi kama ni mfalme?

Swali zuri sana mjukuu wangu, wakubwa hawaulizi. Farasi wakati ule alikuwa mnyama wa vita, mfalme akija na farasi ujue kuna mikuki nyuma yake. Nabii Zekaria sura ya 9 alishasema mfalme wa Sayuni atakuja mnyenyekevu, amepanda punda, na kwamba ataliondoa gari la vita na kunena amani. Umewahi kuona msafara wa mkubwa ukipita, ving'ora, barabara imefungwa, watu wamesimama kwenye vumbi nusu saa? Yesu alikuja kinyume chake, tena punda hakuwa wake, aliazima, na kwenye Marko 11 aliagiza kabisa kwamba atarudishwa.

Mchungaji naandika kutoka Mwanza. Mwanangu ana miaka tisa, ana selimundu. Mwezi uliopita kalazwa tena, mifupa inamuuma analia usiku kucha. Nimeombewa mikutano mpaka nimechoka, na mmoja akaniambia niache dawa maana Isaya 53 inasema Masihi ameshayachukua magonjwa yetu. Kama alishayachukua, haya yaliyoko kwa mwanangu ni nini? Naomba usinihubirie.

Mama, pole. Sihubiri.

Dawa usiache. Naanza na hilo na nitalirudia hata kama nafasi ya gazeti ni ndogo: dawa usiache. Kliniki ya selimundu aende kila tarehe aliyopangiwa, maji anywe ya kutosha, foliki asidi yake ameze, na kama daktari alishamwanzishia haidroksiyurea aendelee kama alivyoelekezwa. Akishikwa na homa au akihema kwa shida usingoje ibada iishe, kimbia hospitali. Huyo aliyekwambia uache dawa, yeye ndiye wa kuachwa.

Swali lako aliwahi kuliuliza mtu mkubwa. Yohana Mbatizaji, yuleyule aliyembatiza Yesu, yuleyule aliyenyoosha kidole akasema tazama Mwanakondoo wa Mungu. Mathayo 11, yuko gerezani kwa Herode. Anasikia habari huko nje, Masihi anaponya huyu, anamfufua yule, na yeye mlango wake haufunguki. Akatuma wanafunzi wakamuulize: wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine? Hilo ndilo swali lako mama, maneno tu yamebadilika. Na Yesu hakumwambia imani yako ndogo. Hakukasirika hata kidogo. Akasema nendeni mkamweleze mnayoyaona, vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema.

Sasa hapa nataka uangalie kitu. Siku ile kwenye sinagogi la Nazareti, Luka 4, Yesu alisoma Isaya 61 ambapo pamoja na maskini na vipofu kuna maneno haya: kuwatangazia wafungwa kufunguliwa kwao. Kwenye jibu la Yohana maskini wapo, vipofu wapo, wafungwa hawatajwi. Yohana alikuwa mtoto wa kuhani, aliijua Isaya, hapo kwenye pengo lazima alisikia kimya. Hakutoka gerezani. Alikatwa kichwa kwa sababu ya ngoma ya sherehe. Na Yesu alipoletewa habari, Mathayo 14, akapanda mashua akaenda mahali pasipo watu.

Biblia haisemi kwa nini wengine walifunguliwa na Yohana hakufunguliwa. Inasema tu kwamba Masihi alimwita mkuu kuliko wote waliozaliwa na wanawake, huku akiwa bado ndani. Kwa hiyo anayekwambia mtoto haponi kwa sababu yako, mpeleke kwenye sura hiyo akamweleze Yohana kosa lake lilikuwa nini.

Ndugu zetu Wayahudi wana hoja hapa na si hoja nyepesi. Wanasema Masihi akija, Isaya 11, mbwa mwitu atakaa na mwana-kondoo, dunia itajaa amani, sasa angalieni dunia, amekuja lini? Mkristo hawezi kulikwepa hilo kwa kupiga makofi. Tunachosema sisi ni kwamba amekuja na atakuja, kaanza na hajamaliza, na kati ya hapo na hapo tupo sisi. Paulo, Warumi 8, anasema viumbe vyote vinaugua, na sisi tulio na Roho tunaugua pia. Sisi pia, kasema. Paulo huyohuyo aliponya watu, lakini 2 Timotheo 4 anaandika Trofimo nilimwacha Mileto, hawezi. Alimwacha mgonjwa! Na Timotheo hakumtumia kitambaa cha maombezi, alimwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Isaya 53 ni kweli, Mathayo anaitaja Yesu anapoponya watu Kapernaumu, maana yake magonjwa ya mwanao ni shughuli ya Masihi, siyo adhabu yake kwako. Lakini hakuna pale ilipoandikwa kwamba mgonjwa amnyime Masihi nafasi ya kutumia daktari.

Mwombee mwanao apone, kila siku, wala usione aibu kuendelea kuomba. Na jumuiya yako waambie wazi, siyo muniombee tu, bali nani analala wodini Jumanne, nani anapika, nani anachangia damu. Mama mmoja hawezi kukesha peke yake miaka tisa. Wakishindwa hata hilo niandikie tena.

Pastor, niko Kitale. Mhubiri mmoja hapa amesema Yesu anarudi mwaka ujao, ameambiwa mwezi na tarehe. Mzee wetu ameshauza ng'ombe wawili akatoa sadaka, sasa anataka kuuza shamba ekari tatu, anasema ya nini kupanda mahindi kama hatutavuna. Mama analia. Tumwambie nini?

Mwambieni Mathayo 24:36, habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Mhubiri wenu kawapita malaika, hongera zake. Sura hiyohiyo inasema watatokea makristo wa uongo, na mtu akiwaambia yuko jangwani msitoke.

Tarehe si jambo geni. Marekani watu wengi sana walimngoja tarehe 22 Oktoba 1844, wapo walioacha hata viazi shambani bila kuvuna, jua likazama kama kawaida. Hao angalau walibaki hai. Kanungu, Uganda, waliambiwa mwisho ni mwaka 1999 ukiisha, wakauza mali wakakabidhi, mwaka ukapita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada. Shakahola huko kwenu Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, waendesha mashtaka wanasema waliambiwa wafunge mpaka kufa wakakutane na Yesu. Huwa inaanza na ng'ombe wawili.

Paulo alikuwa na kanisa la namna hiyo kule Thesalonike, watu wameambiwa siku ya Bwana imeshafika, wengine wakaacha kazi wakawa wanazurura. Akawaandikia msifadhaike upesi, na asiyetaka kufanya kazi basi asile. Kumngoja Masihi kwa Paulo ni kushika jembe.

Lakini mzee akishaingiwa na hizo habari mstari peke yake hautoshi, kwa hiyo msibishane naye usiku kucha, fanyeni haraka upande wa sheria. Shamba la kilimo Kenya haliuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na mke ana haki ya kukataa kutoa kibali chake. Mama asitie sahihi wala kidole kwenye karatasi yoyote, aende kwa chifu na kwenye bodi wiki hii akaweke pingamizi. Na mahindi pandeni, mvua ikinyesha msingoje ruhusa.

Shikamoo baba mchungaji, niko Dodoma. Mume wangu ni mwalimu wa kwaya. Akinipiga ananisomea Efeso 5, mume ni kichwa cha mke kama Kristo naye ni kichwa cha Kanisa. Juzi kanipasua mdomo mbele ya watoto. Nimeenda kwa wazee wa kanisa wakaniambia nivumilie kama Yesu alivyovumilia msalaba. Kweli Masihi anataka nikae?

Marahaba mwanangu. Hapana, hataki.

Mume wako anaishia mstari wa 23. Wa 25 unasema enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kwenye picha hiyo anayetoka damu ni kichwa, siyo mwili. Anataka kiti cha Masihi halafu msalaba akubebeshe wewe, na hilo Petro alishalijaribu kidogo kule Kaisaria Filipi, akamkiri Masihi vizuri kabisa, kisha msalaba ulipotajwa akaukataa, akaambiwa nenda nyuma yangu Shetani.

Wazee wako nao wasome vizuri. Yesu aliuendea msalaba kwa hiari yake saa yake ilipofika, ila kabla ya hapo walipotaka kumsukuma kwenye ukingo wa mlima Nazareti alipita katikati yao akaenda zake, na walipookota mawe hekaluni, Yohana 8, alijificha akatoka. Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu usiku. Kukimbia mtu anayetaka kukuumiza kumo ndani ya Biblia, wala hakuhitaji kuombewa toba. Na huyo bwana kwaya aiachie kwanza, hilo nawaambia wazee wa usharika wowote wanaosoma hapa, mtu hawezi kuongoza sifa na mkono una damu ya mke.

Wewe nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, halafu hospitali wakuandikie majeraha yote, hata ya zamani kama yana alama. Kitambulisho chako, kadi za kliniki na vyeti vya watoto viweke kwa mtu unayemwamini kabla hujamwambia mume lolote, na hela kidogo ya nauli. Mwite dada yako au rafiki mwende pamoja, usiende peke yako, na nenda leo au kesho, mdomo ukishapona PF3 itakuwa haina cha kuandika.